Mawese Kwenye Kanzu za Niemba

Nyinyi mulioanza kazi hii ya kufua nguo za watu mumeniomba niwaambie nilivyoiona. Sawa. Sogeeni karibu, na yule aliyeacha pasi juu ya nguo akaitoe kwanza.

Nimefua nguo hapa Kalemie karibu maisha yangu yote. Nilianzia kwenye nyumba ya kufulia iliyokuwa karibu na stesheni ya treni, kisha nikafungua yangu mwenyewe, uani kwangu, mahali ambapo upepo wa ziwa unapita vizuri kwenye kamba. Mgongo ulipokataa kuinama, nikaacha. Lakini macho hayajaacha. Hata leo nikiingia kanisani, kabla sijaona uso wa mtu nimekwisha kuona kola yake.

Swali ambalo watu waliniuliza kuliko yote ni hili: "Mama Feza, nguo gani inachafuka upesi?" Waliuliza wake za wavuvi, waliuliza walimu, aliuliza hata bwana arusi mmoja asubuhi ya arusi yake. Kila mara nilimjibu mtu kwa kumuuliza: "Inachafuka na nini?" Wengine walidhani ninawatania. Hapana. Hilo ndilo jibu lenyewe, na mukilishika hilo mumeshika nusu ya kazi.

Pamba inakunywa. Mwagia chai, inakunywa chai. Kaa nayo kwenye matope ya mto Lukuga, inakunywa matope. Kwa hiyo watu wanaisingizia kwamba inachafuka ovyo. Lakini pamba haina kinyongo; ipe maji ya moto na sabuni, itatapika yote. Terigali, ile nguo ya kiwandani isiyokunjika, ni kinyume chake kabisa. Chai inateleza juu yake, na wewe unafurahi, unasema nimepata nguo ya malaika. Subiri ionje mafuta. Itayakumbatia kama ndugu aliyerudi kutoka safari ndefu, na kuwatenganisha ni shughuli. Tena siku za kiangazi, terigali ikisuguana na mwili inavuta vumbi yenyewe, hata ukiwa umesimama tu.

Sufu ni ya kondoo, na kondoo alikwisha kuipaka mafuta yake. Tone la maji linakaa juu ya sufu likitetemeka, halijui liingie au liondoke. Kwa hiyo sufu inakawia kuchafuka, lakini ikichafuka ni ya kubembeleza: maji ya moto na kusugua vinaifanya isinyae mpaka koti la baba linamtosha mtoto. Hariri inateleza, vumbi halipati pa kushika, ila jasho la kwapa linaila polepole mpaka siku moja unainua mkono na kwapa linachanika.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Alinifundisha Papa Kilozo, aliyekuwa mkubwa wetu pale karibu na stesheni. Alikuwa mfupi, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake, na hakuamini karatasi ndogo zinazoshonwa ndani ya kola. "Karatasi inaweza kudanganya," alisema. "Moto haudanganyi." Alikuwa anachomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani na kuuchoma kwa kiberiti. Ukinuka kama karatasi inayoungua, ni pamba. Ukinuka kama nywele, ni sufu au hariri. Ukijikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni terigali au ndugu zake. Kisha alichovya kidole kwenye maji na kugusa nguo, akatazama tone linavyofanya. Mpaka leo sijaona mashine inayofanya hivyo.

Papa Kilozo hakuficha makosa yake, aliyageuza kuwa kicheko. Alituhadithia jinsi alivyofua shumizi nyeupe za nailoni za bibi mmoja pamoja na kitenge kipya cha bluu. Kitenge kilitoa rangi kidogo tu, maji yakawa kama ya mvua. Nguo za pamba zilizokuwa mle zilibaki karibu nyeupe. Nailoni ilichukua bluu yote. "Nailoni," alisema, "inachafuka hata na rangi ya jirani yake." Alimrudishia bibi yule shumizi zikiwa na rangi ya anga, na akamwambia kwa uso mkavu kwamba hiyo njo rangi inayovaliwa siku hizi Lubumbashi. Bibi alifurahi, akataka na shuka zifanywe hivyo hivyo.

Kulikuwa na fundi mmoja wa Kabimba, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha simenti. Mke wake mpya, mwenye bidii, alitaka kumfurahisha. Alichukua ovaroli zote za mume zilizojaa unga wa simenti akaziloweka kwenye maji tangu asubuhi, akaenda shambani. Aliporudi, akazitoa, akazianika. Kesho yake zililetwa kwetu. Hazikuwa zimekunjwa. Zilikuwa zimesimama nyuma ya pikipiki kama abiria, na dereva alizifunga kamba zisianguke. Papa Kilozo alizunguka ovaroli moja, akaigonga kifuani kama mlango. "Hodi," alisema. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini sikilizeni: uchafu wa unga, simenti au vumbi la barabara, unatolewa nguo ikiwa kavu. Kung'uta, piga brashi, ndipo maji. Ukianza na maji, wewe mwenyewe ndiye umejenga ukuta.

Sasa nitawaambia kuhusu kanzu za Niemba, kwa sababu hiyo ndiyo kazi ninayoikumbuka nikiwa peke yangu na kutabasamu.

Ilikuwa masika, si zamani sana, nikiwa tayari uani kwangu. Papa Kilozo alikuwa amekwisha kuzeeka na kurudi kwao Moba. Mwanamke mmoja aliingia kwenye lango langu akifuatwa na vijana wawili wa bandarini waliobeba furushi kubwa. Alikuwa mrefu, mwenye mikono ya mtu wa jembe, na miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Hakunisalimia. Alisimama, akaonyesha furushi kwa kidevu, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Karibu, Mama," nilimwambia. "Kaa kwanza."

"Sitakaa. Angalia kwanza, uniambie ukweli."

Jina lake lilikuwa Mama Tabita. Alikuwa kiongozi wa kwaya ya wamama wa Niemba, wakulima wa mihogo na karanga. Kanisa lao lilikuwa limejengwa upya, la matofali ya kuchoma ambayo wao wenyewe walibeba kichwani kutoka mtoni. Jumapili iliyokuwa inakuja lilikuwa lifunguliwe, na wageni wangetoka Nyunzu na Kalemie. Wamama hao walikuwa wameimba miaka yote kila mmoja na kitenge chake alichonacho, wengine kimepasuka. Kwaya nyingine zilikuwa zinawaita "kwaya ya shamba". Walilima shamba moja pamoja misimu mitatu kwa ajili ya kupata kanzu nyeupe. Ziliagizwa Kigoma, zikavuka ziwa kwa boti. Na ndani ya boti, ziwa lilipochafuka, bidoni, dumu kubwa la mafuta ya mawese, ilipasuka juu yake.

Nilifungua furushi. Nyinyi mawese mabichi munayajua yalivyo mekundu. Ndani ya furushi kulikuwa kama mtu amechinja mbuzi.

"Sema," Mama Tabita aliniambia.

Niligusa. Na pale, mbele ya macho yangu, lilikuwa jibu la swali la maisha yangu yote, limelala kama somo. Furushi lilikuwa limefungwa ndani ya blanketi la zamani la sufu. Mawese yaliangukia blanketi hilo kwanza, na bado upande wa ndani ulikuwa karibu mkavu. Sufu ilikuwa imeyazuia kwa muda mrefu, na yaliyoingia ndani yalipita kwenye mikunjo na ncha zilizofungwa vibaya. Vilemba, ambavyo vilikuwa vya pamba, vilikuwa vimekunywa mpaka vimelewa, vyekundu pande zote mbili. Na kanzu zenyewe, terigali tupu, zilikuwa na madoa machache kuliko vilemba. Ukitazama haraka ungesema kanzu zimepona.

"Kanzu haziko mubaya sana," alisema Mama Tabita, akiwa na tumaini kidogo. "Njo vilemba tu vimekufa. Si kweli?"

"Ni kinyume, Mama. Vilemba nitakurudishia. Kanzu njo zinanitisha."

Alinitazama kama nimemtukana. Kisha akasema lile neno nililoliogopa: "Basi tuzichemushe. Tutie javeli, dawa ya nguvu ya weupe, tuchemushe mpaka ziogope. Niko na nguvu, nitachochea moto mwenyewe."

Alikwisha kukamata sufuria yangu kubwa. Nilimshika mkono.

"Mama Tabita. Ukitia terigali yenye mawese kwenye maji ya kuchemuka, mikunjo itakaa humo milele, na mafuta yataenea kwenye kanzu zingine. Hata maji baridi usitie. Bado."

"Sasa tutafua na nini? Na upepo?"

"Na unga."

Alikaa chini, kwenye tope, akacheka kicheko cha mtu aliyechoka kulia. "Nimetoka Niemba na miguu nusu ya njia," alisema, "nimekuja kwa mwenda wazimu."

Hata hivyo alinisaidia. Tulitandaza kanzu kwenye mikeka chini ya baraza, tukanyunyizia madoa unga wa muhogo, tukaukandamiza kwa viganja. Unga uliingia ukiwa mweupe na kugeuka rangi ya chungwa. Tulikung'uta, tukanyunyizia mwingine. Majirani walisimama langoni kuuliza kama Mama Feza ameanza kusonga bukari juu ya nguo. Unga ulipoacha kubadilika rangi, nilichukua sabuni ya kienyeji, ile ya kipande, nikaiponda na maji kidogo sana iwe kama uji mzito, na tukapaka kila doa kanzu ikiwa bado kavu. Hili mulishike sana. Ukitangulia kulowesha, maji yanakaa kati ya sabuni na mafuta, na sabuni inabaki mlangoni. Terigali inapenda mafuta, basi mpelekee sabuni yenye nguvu mahali pale pale, uso kwa uso.

Mama Tabita alinusa sabuni, akakunja uso. "Lakini hii sabuni imetengenezwa na nini?"

"Na mawese," nilimwambia.

Safari hii kicheko chake kilikuwa cha kweli. "Basi tuache hao ndugu wapigane," alisema.

Vilemba havikutusumbua. Maji ya moto, sabuni, kusugua, maji ya moto tena; pamba ilitapika kama nilivyowaambia, na povu lilikuwa jekundu, kisha la manjano, kisha jeupe. Kanzu tulizifua kwa maji ya vuguvugu, kwa vidole, kama mtu anayeosha uso wa mtoto. Tulipomaliza, niliziinua. Grisi ilikuwa imetoka, nguo haikuteleza tena kidoleni. Lakini kila mahali palipokuwa na doa palibaki wingu la rangi ya chungwa. Kifuani, mgongoni, kwenye mikono.

Mama Tabita aliona. Nilimwambia kwamba hiyo si mafuta tena, ni rangi tu ya mawese, na rangi ile ina adui mmoja, naye ni jua. Jua linaila kabisa. Nimeliona likifanya hivyo kwenye mashati ya wapishi na wauza mawese mara nyingi. Ninachohitaji ni jua kali, na nguo iwe na unyevu.

Sote wawili tulitazama juu. Mbingu ilikuwa ya kijivu kutoka milimani mpaka ng'ambo ya ziwa. Na siku ile ilinyesha. Na iliyofuata ilinyesha.

Nyinyi leo muna mashine. Nimeziona, zile zinazozunguka zenyewe umeme ukiwepo, na poda za kila rangi zinazonukia maua. Ni kitu kizuri, sitasema uongo. Kama ningeipata nikiwa kijana, mgongo wangu ungekuwa bado unacheza ngoma. Na nguo za mitumba zinazokuja sasa zimechanganywa, pamba nusu na terigali nusu, kwa hiyo doa moja linakunywewa na uzi huu na kukumbatiwa na uzi ule. Munahitaji akili kuliko sisi. Lakini wakati ule, uani kwangu, hakukuwa na mashine ambayo ingeniletea jua.

Siku ya tatu ya mvua, ikiwa ni Ijumaa, wamama wengine wa kwaya walifika wamepanda kamiyo iliyobeba mihogo. Walikuwa wamesikia. Niliogopa macho yao kuliko mvua. Mmoja, Mama Mado, mzee kuliko wote, mwenye sauti nene kama ya mwanaume, alichukua kanzu yake na kuishika mbele ya uso muda mrefu.

"Tutavaa vitenge vyetu," alisema mwishowe. "Tumezoea."

Mama Tabita aligeuka ukutani. Nami, nitawaambia ukweli, moyo wangu uliuma kama nguo ni zangu. Nilikuwa nimefua vitu vya watu wakubwa, nimefua mapazia ya hoteli na suti za wabunge, na hakuna hata kimoja nilichotaka kitoke kama nilivyotaka kanzu zile zitoke.

"Vitenge muweke," nilisema. "Kesho jua litatoka."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Ninasema tu."

Walicheka kidogo. Kisha, kwa kuwa hawakuwa na la kufanya, wakaanza kuimba chini ya baraza, polepole, wakinisaidia kukamua. Waliimba mpaka majirani wakaleta viti.

Jumamosi niliamka nikasikia kimya juu ya mabati. Nilifungua mlango. Ziwa lilikuwa linang'aa hata halitazamiki.

Nilipiga kelele kama msichana. Wamama wakatoka mbio, kila mmoja na kanzu mikononi, tukashuka mpaka kwenye majani mafupi karibu na ufuko, tukazitandaza zote, madoa yakitazama juu. Kila zilipotaka kukauka tulizinyunyizia maji kwa vikombe. Zile zilizopata jua upande mmoja tulizigeuza. Watoto waliokuja na mbuzi walifukuzwa kwa nyimbo. Mwanzoni hakikuonekana kitu. Mama Tabita alikuwa anapiga magoti kwenye kanzu moja, akiitazama kama mtu anayengoja chungu kichemke. Kisha nikamsikia.

"Mama Feza. Mama Feza! Iko inaenda!"

Nilikwenda. Wingu la chungwa lilikuwa limekuwa la manjano. Saa za mchana likawa kama kivuli. Jua lilipoanza kuinama niliinua kanzu ya Mama Mado, nikaigeuza huku na huku, nikaitafuta ile rangi kwa macho yangu ya miaka yote, na sikuipata. Nilimpa mwenyewe aitafute. Alitazama kifuani, akatazama mgongoni. Kisha alijifunika nayo uso, mabega yakaanza kutikisika, na kutoka chini ya nguo ile nyeupe kikatoka kigelegele kimoja kirefu ambacho nadhani walioko Kigoma walikisikia.

Jumapili nilikwenda nao. Barabara ya Niemba ilikuwa imekauka juu, na vumbi jekundu lilianza kupanda nyuma ya kamiyo. Niliwakataza kuvaa kanzu njiani. Nilizifunga ndani ya shuka za pamba, nikazikalia. Walivaa nyuma ya kanisa, wakifungana vilemba, wakigombana nani asimame mbele. Ndani, kwaya ya Nyunzu ilikuwa imekwisha kuketi na sare zao za bluu, na tuliwasikia wakiulizana kama kwaya ya shamba imefika.

Mlango ulifunguliwa. Wamama wa Niemba waliingia wawili wawili, na madirisha ya kanisa lile bado hayakuwa na vioo, kwa hiyo jua liliwaangukia lote. Watu walisimama bila kuambiwa. Wa Nyunzu pia walisimama. Mume wa Mama Mado, mzee aliyekuwa kwenye benchi la mbele, alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Mimi nilibaki mlangoni na kitenge changu cha kazi, chenye alama za pasi. Mama Tabita, aliyekuwa wa mwisho, alisimama, akarudi hatua chache, akanishika mkono.

"Mama, siko na kanzu," nilimnong'oneza.

"Kuja."

"Siwezi kuimba!"

"Nani amekuuliza? Kuja."

Akanivuta mpaka katikati ya mstari, mimi peke yangu mwenye rangi kati ya weupe wote ule. Mama Mado alitoa sauti, wengine wakaipokea, ukuta mpya ukatetemeka. Na mimi, ambaye sijawahi kushika sauti moja mpaka mwisho wa ubeti, nilifungua mdomo nikaimba kwa nguvu zangu zote mpaka sauti ikanikauka, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.